Gugu Lenye Jina la Mtu

Mtu akifa, jina lake hupata kupumzika. Hutajwa msibani, hutajwa kwenye mirathi, kisha watu wanaanza kumwita marehemu na maisha yanaendelea. Bwana Tela hakuipata bahati hiyo. Mwaka mzima baada ya kuzikwa alikuwa angali akitajwa kila asubuhi, tena kwa ubaya. Tela limeingia kwenye mahindi. Maziwa yana uchungu leo, ng'ombe kala tela. Mtoto anajikuna mpaka anatoka damu kwa sababu ya tela. Hebu chukua jembe ukaliondoe hilo tela mlangoni kabla wageni hawajafika.

Gugu lenyewe ni lile ambalo kwingine huitwa gugu karoti. Majani yake yamechanikachanika kama ya karoti, shina lina mifereji, na juu kabisa kuna vichwa vyeupe, vidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto mchanga. Huota, huchanua, humwaga mbegu na kufa, yote hayo ndani ya msimu mmoja, na mche mmoja ukiachiwa tu huacha maelfu ya mbegu nyuma yake. Namna lilivyopata jina la mtu, watu wa pale walidhani wanaijua. Aliyeijua kweli alikuwa mmoja tu, na alikuwa amenyamaza miaka ishirini na miwili.

Huyo ni Bi Lenzi. Jina la utani alipewa kazini, kwa ajili ya kioo cha kukuzia alichokivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na alikuwa amekivaa muda mrefu kiasi kwamba hata mume wake alimwita hivyo anapotaka kumtania. Alifanya kazi ghorofa ya pili ya ofisi ya kilimo, katika chumba kirefu chenye makabati ya chuma ya kijani na harufu ya dawa ya nondo. Ndani ya makabati hayo mlilala mimea iliyokufa, maelfu kwa maelfu, kila mmoja kwenye karatasi yake. Bi Lenzi alikuwa mshonaji wa mimea hiyo. Mmea ukiletwa, hukandamizwa kati ya magazeti na mbao mbili zilizofungwa mikanda, mpaka ukauke na kuwa bapa. Kisha yeye huulaza juu ya karatasi ngumu, akayapanga majani yake, na kuushona kwa sindano na uzi mweupe, fundo hapa, fundo pale. Kitakachodondoka, iwe ua au mbegu, hutiwa kwenye kibahasha kidogo kilichogundishwa pembeni. Chini hubandikwa kikaratasi chenye jina la mmea, mahali ulipookotwa, tarehe, jina kamili la aliyeuokota, na sahihi ya aliyeutambua.

Chumba kile kilikuwa na sheria mbili, na Mkuu wa zamani alizirudia mpaka watu wakaziota. Ya kwanza: bila ua hakuna jina. Majani hudanganya, yanafanana fanana kama watoto wa ukoo mmoja, ni ua tu linalosema kweli. Ya pili: jina likikosewa halifutwi wala halichanwi. Unabandika kikaratasi kipya juu ya kile cha zamani, unaweka jina sahihi, tarehe na sahihi, na lile kosa linabaki pale pale chini, lisomwe na kila atakayekuja. Wageni waliona sheria hii ni ya ukatili kidogo. Wenyeji wa chumba waliona ndiyo heshima yao.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aibu ya makabati yale aliijua mshonaji. Alijua ni profesa yupi aliyechanganya mboga ya mchunga na jamaa yake, na ni nani aliyeuita mti mmoja majina manne katika miaka minne. Aliwacheka kimoyomoyo. Yake mwenyewe ilikuwa kwenye kabati la kumi na saba, rafu ya chini, ndani ya jalada la mmea uitwao pakanga, na kabati hilo hakupenda kulifungua.

Siku ile ya miaka ishirini na miwili iliyopita, Mkuu alikuwa safarini. Bi Lenzi alikuwa na miaka kumi na moja kazini, na katika miaka hiyo kumi na moja hakuna aliyewahi kumuuliza jina la jani hata moja. Wakubwa walitambua, yeye alishona. Akaingia mwanamume mrefu, kofia mkononi, gazeti lililokunjwa kwapani. Alisema ana trekta na tela, lililompa jina la utani, hubeba mchanga na chakula cha ng'ombe kutoka stesheni ya mizigo mpaka vijijini. Kando ya reli, pale magunia yanapopakuliwa, ameona jani asilolijua. Baba yake alikuwa mkulima, mke wake ni mkulima, na yeye akiona jani asilolijua hapati raha. Amewauliza wenzake wamemcheka. Ndiyo maana amekuja kwa mtaalamu.

Alilifungua gazeti mezani. Ulikuwa mche mchanga, majani yametandaa chini kama sahani. Hauna shina, hauna ua.

Hapo Bi Lenzi alitakiwa aseme neno moja tu, kwamba arudi nalo likichanua. Lakini yule mtu alikuwa ameacha kazi ya siku nzima, na alikuwa amemwita mtaalamu, na neno hilo lilimwingia Bi Lenzi kwa utamu wa ajabu. Akaazima lenzi mezani kwa Mkuu. Akakunja uso kama alivyozoea kumwona Mkuu akikunja. Akasema hii ni jamii ya pakanga, haina neno. Akaandika kwenye kikaratasi jina kamili la mgeni, lake na la baba na la babu, na yule mtu akamsahihisha herufi moja kwenye la babu, maana wengi huikosea. Kisha kwa mara ya kwanza maishani mwake Bi Lenzi akaweka sahihi mahali pa mtambuzi. Siku hiyo alirudi nyumbani akiimba.

Kosa hilo lingesameheka. Binadamu hukosea, na kikaratasi cha pili kazi yake ni hiyo.

Lakini yule mtu alirudi. Ilipita miezi mitatu, hakuna aliyemwita, akarudi mwenyewe na tawi lililochanua. Alisimama mlangoni, hakuingia ndani, kwa sababu viatu vyake vilikuwa na tope. Alieleza kwa upole kwamba kwa kuwa aliambiwa halina neno, mke wake alilikata akafungia mafagio, na sasa mikono ya mke wake imeanza kupasuka. Labda ni sabuni. Alitaka tu kuwa na hakika.

Bi Lenzi alilipeleka tawi dirishani. Kila kichwa cheupe kilikuwa na pembe tano, na kwenye kila pembe kipande kidogo cha ua, kana kwamba mtu amekifinya kwa kucha. Mwezi uliotangulia alikuwa ameona picha hiyo katika kitabu cha magugu yanayoogopwa, ukurasa wenye mstari mwekundu. Nyuma ya ukuta alimsikia Mkuu akiongea na simu. Angegonga mlango ule na kusema, mzee, nilitambua bila ruhusa, tena bila ua, na nilikosea. Alimjua Mkuu. Aliogopa kibarua kisije kikaota nyasi, na nyumbani kulikuwa na mtoto wa miezi sita na mume ambaye duka lake la kutengeneza saa lilikuwa halijapata wateja.

Mgeni akauliza, "Kwa hiyo niwaambie watu waliache tu, halina neno?"

"Waliache," akasema Bi Lenzi.

Tawi akalitia kwenye kibahasha cha ile karatasi ya kwanza, akakikunja, akairudisha karatasi jaladani na kufunga kabati. Aliporudi mlangoni, mgeni alikuwa ameshashuka ngazi. Alama za tope zilionyesha alikanyaga kwa vidole ili asichafue sakafu.

Waliliacha. Watu wa kijijini kwake hawakuwa na sababu ya kuhangaika na jani ambalo wenye ofisi wamesema ni salama. Mwaka wa kwanza lilikuwa kando ya reli. Mwaka wa pili lilikuwa kwenye kituo cha kuegesha tela, na kando ya njia zote ambazo tela lilipita. Mwaka wa tano ofisi ilituma watu na mikasi na magazeti, na sampuli zikaanza kumiminika kwa Bi Lenzi azishone. Alizishona. Kufikia hapo mashamba yalikuwa meupe kuanzia stesheni mpaka mtoni, na watu walikuwa wameshapata wa kumlaumu. Si limeanza kwake? Si limesambaa na tela lake? Labda kweli mbegu zilisafiri na tela, maana mbegu hazina miguu. Lakini katika watu wote walioliona gugu kando ya reli, yeye peke yake ndiye aliyeuliza, na yeye peke yake ndiye ambaye jina lake lilibandikwa kwenye gugu.

Mwaka wa sita ikaja barua kutoka kwa baraza la kijiji. Mtu fulani, ilisema, anadai kwamba alipeleka jani hili ofisini kwenu zamani na akaambiwa halina madhara. Je, ni kweli? Mkuu akamkabidhi Bi Lenzi barua atazame makabatini. Bi Lenzi alishinda asubuhi nzima akifungua na kufunga milango ya chuma, ili isikike. Saa sita akarudi kwa Mkuu.

"Hakuna, mzee."

Mkuu akaandika jibu, akapiga muhuri.

Wiki mbili baadaye yule mtu alikuja mara ya tatu, na safari hii hakupanda ngazi. Alisimama nje ya geti, kofia mkononi, akitazama juu kwenye dirisha la ghorofa ya pili. Hakupiga kelele, hakumwita mtu. Bi Lenzi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati. Alipochungulia tena, getini hapakuwa na mtu.

Tangu siku hiyo hakupona. Alifanya kazi, akapandishwa cheo, wakubwa wapya wakaja na kumwamini kuliko walivyoyaamini macho yao. Wakisema jina la mmea humtazama kwanza yeye. Kila sifa ilimchoma. Kila akitazama nje ya dirisha lile, macho yalikwenda getini yenyewe, na mara nyingi alimwona pale, mrefu, kofia mkononi. Akitulia, anaona ni mlinzi, au ni mtu anasubiri mwenzake. Mikono yake iliwasha chini ya viwiko ingawa alivaa glavu siku zote. Zipo asubuhi alizofungua chumba na kukutana na harufu kali ya majani mabichi yaliyopondwa, katika chumba ambamo hakuna jani bichi hata moja. Alikuwa akienda moja kwa moja mpaka kabati la kumi na saba, ananusa. Dawa ya nondo tu. Anarudi mezani, na harufu inarudi naye.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka kustaafu, na kustaafu kwenyewe kulikuwa kumebaki wiki sita. Ndipo akaja Mtaalamu wa magugu, mwanamume wa makamo mwenye haraka na adabu, aliyetumwa kuandika kijitabu kwa ajili ya wakulima. Kilikuwa na picha, na maelezo ya kulitambua gugu likiwa changa, kabla ya ua, ili watu waliwahi. Kilitakiwa kigawiwe kila shule na kila kijiji. Aliomba sampuli zote za gugu lile, akapewa thelathini na moja. Kisha akampa Bi Lenzi rasimu aipitie, maana alikuwa ameambiwa hakuna jicho kama lile.

Ukurasa wa tatu ulikuwa na kichwa, *Lilivyoingia kwetu*. Chini yake iliandikwa kwamba gugu lililetwa na mchukuzi mmoja kwa tela lake, na kwamba wenyeji wanaliita kwa jina lake mpaka leo. Bi Lenzi alisoma mara mbili. Mpaka siku hiyo uongo ule ulikuwa midomoni mwa watu, na maneno ya midomoni huchakaa. Huu sasa ulikuwa unakwenda kupigwa chapa na kufundishwa watoto, pamoja na wajukuu wa yule mtu. Akauliza, kwa sauti aliyoilazimisha, kama mchukuzi mwenyewe ameulizwa.

Mtaalamu akasema ni marehemu, alifariki mwaka jana, kifua. Gugu limeota mpaka juu ya kaburi, na watu kijijini wanatania kwamba tela limempata mwenyewe. Kijitabu kinakwenda kwa mpiga chapa Ijumaa.

Jioni hiyo Bi Lenzi alimweleza mume wake yote, kwa mara ya kwanza. Mume alikuwa na saa ya mtu mezani, imefunguliwa tumbo, na hakuinua kichwa mpaka alipomaliza kusikiliza. Ni mtu mwema, tena anampenda mke wake, na alisema kile ambacho mtu mwema anayependa husema.

"Yaliyopita si ndwele, mke wangu. Wiki sita. Watakuaga kwa heshima, upumzike."

"Hii ni ndwele," akasema Bi Lenzi. "Nenda kaangalie mashambani kama imepita."

Mume alirudia kazi yake, na baadaye akakubali kwamba hata yeye asingejua la kufanya. Akamuuliza tu swali moja: je, anajua watu wakishajua watamfanyaje? Bi Lenzi akasema anajua.

Alhamisi asubuhi alifungua kabati la kumi na saba. Alitarajia harufu ile, haikuja. Akalitoa jalada la pakanga, akaivuta karatasi ya chini kabisa, akaipeleka mezani kwa Mtaalamu na kuiweka mbele yake. Mtaalamu alitazama majani, akasoma kikaratasi, akasoma sahihi, akamtazama. Kisha akakifungua kibahasha kwa ncha ya kibano. Ua lilikuwa zima. Weupe ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, lakini pembe zote tano zilikuwepo.

"Hii ni miaka mitano kabla ya sampuli yetu ya kwanza," alisema. "Wakati huo lilikuwa limeenea kiasi gani?"

"Kando ya reli tu. Eneo la kama chumba hiki."

Mtaalamu aliangalia chumba, ukuta mpaka ukuta. "Lingeisha kwa majembe manne, asubuhi moja," akasema. Hakulisema kwa hasira. Alikuwa anapiga hesabu ya kazi yake, na Bi Lenzi alitamani angemtukana.

Akamsimulia lililobaki, tawi, barua, geti. Mtaalamu akaivuta rasimu yake karibu. Mwishowe akasema atabadilisha ukurasa wa tatu, ataandika kwamba mchukuzi mmoja alilileta ofisini mapema na afisa mmoja akakosea. Alidhani anamfanyia hisani. Bi Lenzi akamwambia hapana, karatasi ina majina, yaandikwe majina. Akavuta kiti, akachukua kikaratasi kipya na kalamu ya wino usiofutika, akaandika jina sahihi la Kilatini, tarehe ya siku hiyo, na sahihi yake. Akakigundisha juu ya kile cha kwanza. Mkono ule ule, sahihi mbili, ya mama kijana mwenye majivuno na ya mtu mzima anayestaafu, na kati yake miaka ishirini na miwili. Akakikandamiza kikaratasi kwa kiganja mpaka gundi ikashika.

Ukurasa ulibadilishwa. Bi Lenzi aliandika pia barua ya ofisi, mkubwa wa sasa akaisaini kwa uso mgumu, na Jumamosi akaichukua barua hiyo na nakala ya karatasi, akaenda.

Nyumba ya marehemu haikuwa ngumu kuipata. Alipouliza, kila mtu alinyoosha kidole na kusema pale kwa Tela. Mjane alikuwa amekaa barazani akichambua maharage kwenye ungo, mikono imefungwa vitambaa mpaka kwenye vifundo. Walisalimiana. Bi Lenzi akasema ametoka ofisi ya kilimo. Mjane akacheka kidogo, akasema wamechelewa, shamba lenyewe ameshaliacha. Akamkaribisha kigoda.

Bi Lenzi alikuwa amejifunza maneno yake njiani, yakamtoroka yote. Akasema tu ilivyokuwa, tangu gazeti mezani mpaka lile jibu lililopigwa muhuri. Mikono ya mjane ilikuwa imesimama juu ya maharage. Habari ilipokwisha, mjane aliinuka, akaingia ndani, akakaa huko kitambo. Alitoka na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, akampa.

"Soma."

Ilikuwa ile barua. Bi Lenzi akasoma kwa sauti kwamba ofisi imetafuta na haina kumbukumbu yoyote ya mtu huyo kuleta mmea wowote.

"Siku barua hii ilipofika aliapa mbele ya baraza," mjane akasema. "Usiku akaniapia mimi. Nikamwambia, mume wangu, muhuri hausemi uongo. Kumbe sikuwa na haja ya kuutazama muhuri, mume mwenyewe nilikuwa namwona kwa macho yangu. Nilimhamishia kitanda chumba cha nyuma. Mikono yangu hii nilimhesabia yeye kosa. Miaka kumi na tano alilala kule nyuma, kila alfajiri anatoka kwenda kung'oa lile gugu barabarani, peke yake, watu wanapita wanamcheka kwamba Tela anavuna zake. Na mimi nilikuwa nacheka nao."

Bi Lenzi alitaka kusema kitu. Mjane akainua mkono uliofungwa.

"Anakufa, kifua hakipandi hakishuki, ananiambia, mama watoto, nilikwenda kweli. Nikamwambia tulia, pumzika. Sikumwambia nakuamini. Nilimwambia pumzika."

Bi Lenzi alilia, na hakuona aibu kulia. Akaomba msamaha, na maneno yalipotoka akayasikia jinsi yalivyo madogo.

"Wewe umekuja umesema," mjane akamjibu, bila ukali. "Utarudi kwako umetua mzigo. Mimi nimwambie nani?"

Bi Lenzi akampa nakala ya karatasi. Mjane hakujua kusoma vizuri, akamtaka amwonyeshe lilipo jina. Bi Lenzi akaweka kidole. Mjane akalisoma taratibu, herufi baada ya herufi, la mume, la mkwewe, la babu mkwe, akafika kwenye herufi ile ambayo wengi huikosea, akasimama hapo. Akasema wameiandika sawa. Kisha akasema kwamba yeye hatazunguka nyumba za watu kumsafisha marehemu, ulimi wake umeshasema mengi mabaya juu yake na hautaaminika. Kama mgeni amekuja kwa ajili hiyo, wanawake wako bombani saa hizi, wanangoja maji.

Bi Lenzi akaenda bombani. Walikuwa kama kumi na wawili, ndoo zimepangwa mstari. Alijitambulisha, akawaomba wamsikilize, na kwa mara ya pili siku hiyo akasema yote, akiwa amesimama juani. Maji yalijaa ndoo moja yakamwagika na hakuna aliyefunga. Mmoja wao, ambaye shingo yake yote ilikuwa na ukoko wa kujikuna, alisogea karibu. Walipata kumsikia Tela akiapa, akasema, wote waliokuwepo kwenye baraza la kijiji walimsikia. Wengine wakainamisha vichwa. Kisha mama huyo akauliza:

"Na wewe wanakuitaje?"

Angeweza kutaja jina la kwenye kitambulisho, refu, lisiloshikika, ambalo watu wangelisahau kabla ndoo hazijafika nyumbani. Alijua hivyo alipokuwa akifungua kinywa.

"Bi Lenzi," akasema. "Kila mtu ananiita Lenzi."

Hakuna aliyemtukana. Hakuna pia aliyemuaga. Alishika njia ya kurudi barabarani, nyembamba, gugu limesimama pande zote mbili mpaka kiunoni, vichwa vyeupe vikimgusa gusa mikono, na safari hii hakuvaa glavu. Hakuwa amefika mbali aliposikia nyuma yake sauti ya mwanamke ikimwita binti wa kwao aliyekuwa mbele na ndoo kichwani.

"We, tua ndoo. Ling'oe hilo lenzi hapo miguuni pako kabla halijamwaga mbegu."

Bi Lenzi alisikia anaitwa. Akageuka, akaitika.